Kikombe cha Mtindi kwa Baba Aliyepunguza Ugali

Akina mama wengi huniuliza swali moja baada ya ibada, tukiwa tumesimama nje tukingoja watoto watoke kwenye mafundisho yao. "Dada, mume wangu ameambiwa apunguze wanga. Ugali nimepunguza, chapati nimeacha. Je, maziwa mgando anywe au asinywe?" Mmoja ameambiwa na jirani kwamba mtindi ni dawa ya kisukari. Mwingine ameambiwa na jirani mwingine kwamba maziwa yote yana sukari, kwa hiyo ni sumu kwa mgonjwa. Mama anabaki katikati, jagi mkononi.

Leo nitalijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe nililikosea mara mbili, na mara ya pili nusura mtu apoteze maisha. Mimi ni muuguzi mwenye zaidi ya miaka ishirini wodini na kliniki. Tena naishi hapa Arusha, ambako maziwa si kitu cha kutafuta kwa tochi. Lakini kusoma jambo chuoni ni kitu kimoja, na kulipika jikoni kwako kwa ajili ya mtu unayempenda ni kitu kingine kabisa.

Kosa langu la kwanza

Mume wangu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2021. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kilisoma 11.8. Yeye ni mtu wa Arumeru, amekulia kwenye loshoro, yale mahindi yanayopikwa yakaiva vizuri kisha yakachanganywa na maziwa mgando. Kwake yeye, sahani isiyo na ugali wala loshoro ni kionjo tu. Chakula chenyewe bado kinakuja.

Nilimpunguzia ugali ukabaki wa ukubwa wa ngumi yake, nikamjazia mchicha na maharage kidogo. Akalalamika njaa. Ndipo nikakumbuka kwamba yogati husifiwa kwa watu wenye kisukari. Nikanunua ile ya chupa ya nusu lita, yenye rangi ya waridi na picha ya matunda, nikawa nampa chupa moja kila siku: nusu asubuhi, nusu jioni. Aliipenda mno. Nilijiona mke mwenye busara.

Baada ya wiki tatu sukari yake ilikuwa haijashuka kwa kiasi cha kuridhisha. Wapendwa, nilimshuku. Nilidhani anakula chipsi huko mjini kazini. Nikawa namhoji kila jioni kama askari wa upelelezi, hata watoto wakawa wanatoka sebuleni. Siku moja akaniambia kwa upole, "Mama watoto, mimi sili kitu ila unachonipa wewe."

Nikanyamaza. Nikachukua chupa iliyokuwa mezani, nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Kila gramu 100 zilikuwa na wanga gramu 14. Chupa nzima, gramu 70. Ukiondoa sukari ya asili ya maziwa yenyewe, ambayo ni kama gramu 5 kwa kila gramu 100, zilibaki gramu 45 zilizotiwa kiwandani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina sukari gramu 4. Hesabu mwenyewe. Nilikuwa nampa mume wangu vijiko kumi na moja vya sukari kila siku, kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikimsingizia chipsi.

Nilimwomba radhi. Alicheka, lakini mimi sikucheka.

Maziwa yakiganda, nini hutokea?

Hebu tuelewane kwanza juu ya maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi. Glasi ya mililita 250 ina kama gramu 12. Haionekani tamu sana ulimini, lakini ipo, na mwili huihesabu.

Tunapotia kianzio, au tunapoyaacha maziwa kwenye kibuyu, vijidudu vya faida huanza kuila ile laktosi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu, na ndiyo inayoyagandisha. Kwa hiyo uchachu una habari ya kutuambia: kadiri mtindi unavyozidi kuwa mchachu, ndivyo sukari nyingi zaidi ilivyokwisha kuliwa. Lakini msidanganyike kwamba huisha yote. Kwa kawaida hupungua kiasi cha robo hivi, mara kidogo zaidi, mara kidogo pungufu. Mimi nahesabu gramu 12 kwa kikombe cha mililita 250, kana kwamba hakuna kilichopungua, ili nisijipunje. Ikiwa ni pungufu, hiyo ni faida yetu.

Sasa ulinganishe na vyakula tulivyovizoea. Unga wa sembe gramu 100 una wanga kati ya gramu 75 na 80. Mwanaume anayekula ugali wa kutosha humaliza kwa urahisi unga wa gramu 150 katika mlo mmoja, yaani zaidi ya gramu 110 za wanga. Chapati moja iliyotumia unga wa ngano gramu 60 ina kama gramu 45. Ukiviweka pamoja hivyo, utaona kwamba kikombe cha mtindi usiotiwa kitu ni kitu kidogo. Hakiwezi kuitwa sumu. Lakini jagi zima la lita moja lina karibu gramu 50, na jagi si kikombe. Wababa wengi wanaosema "nakunywa mtindi kidogo tu" hunywa jagi.

Wataalamu wengi huita mlo kuwa wa wanga kidogo ukiwa na chini ya gramu 130 kwa siku. Wapo wanaofuata ule mkali, wa gramu 20 hadi 50 kwa siku nzima. Kwa anayefuata wa kwanza, kikombe kimoja au hata viwili vya mtindi vinaingia bila shida. Kwa anayefuata ule mkali, kikombe kimoja kinaweza kumaliza nusu ya akiba yake ya siku, naye anapaswa kuchagua. Ndiyo maana majirani zako wawili wanapingana. Kila mmoja anazungumzia mlo wake.

Na kuyaogopa maziwa si jambo jipya. Mwaka 1863 William Banting, mtengeneza majeneza wa London, alichapisha kijitabu kueleza jinsi alivyopunguza unene. Daktari wake alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Leo tunajua siagi haina wanga wa kuhesabika, kwa hiyo katika orodha hiyo ilionewa bure.

Tukiwa hapo hapo kwenye siagi: samli nayo haina wanga. Jibini ngumu, ile inayokatwa vipande, ina gramu 1 au 2 tu kwa gramu 100, kwa sababu sukari nyingi ya maziwa huondoka na maji yake wakati wa kuitengeneza na inayobaki huliwa na vijidudu. Krimu iliyochachuka ina gramu 3 au 4. Yogati nzito iliyochujwa ina kama gramu 4 za wanga, lakini protini yake hufika gramu 9 au 10, zaidi ya mara mbili ya mtindi wa kawaida. Hiyo ndiyo inayoshibisha. Maziwa ya kopo yaliyotiwa sukari yana zaidi ya gramu 50. Hayo hata usiyaweke mezani. Tena usisahau chai ya maziwa. Vikombe vitatu vyenye nusu maziwa ni gramu 15 na zaidi hata kabla hujagusa bakuli la sukari, na hakuna mtu anayeihesabu chai.

Lile bakuli la sukari

Hapa nina neno na akina mama wenzangu. Nani alitufundisha kutia sukari kwenye mtindi? Wazee wetu waliunywa mchachu, umetoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na hakuna aliyekunja uso. Siku hizi mgeni akiletewa maziwa mgando analetewa na bakuli la sukari, na asipotia vijiko vitatu mwenyeji anauliza kama hajisikii vizuri. Vijiko vitatu ni gramu 12. Umekwisha kukifanya kikombe kimoja kuwa viwili.

Mume wangu hakuweza kuacha ghafla. Tulishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja, kisha nusu. Ilichukua kama mwezi. Nilimsaidia kwa kutia mdalasini kidogo, na siku nyingine chumvi kwa ncha ya kisu pamoja na tangawizi iliyokunwa. Ulimi hujifunza. Sasa akipewa ile ya waridi kwenye harusi anasema ni kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Ukinunua ya dukani, geuza chupa usome nyuma. Tafuta pale palipoandikwa kabohaidreti kwa kila gramu 100. Ikiwa ni 4, 5 au 6, hiyo ni ya maziwa yenyewe. Ikiwa ni 10 na kuendelea, kuna mkono wa mtu humo. Usivutwe na maneno ya mbele kwamba mafuta yamepunguzwa, maana mara nyingi mafuta yakitoka, sukari au wanga wa kuzitishia huingia kujaza nafasi. Na jina "vanila" si jina la hatia tu. Karibu kila mara huja na sukari.

Mbona Wamasai wanakunywa na hawaumwi?

Mtu akitaja maziwa hapa kwetu Arusha, lazima mwingine aseme hivyo. Ni hoja nzuri, na imechunguzwa. Daktari George Mann kutoka Marekani aliwapima wanaume wa Kimasai wa Tanganyika, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakaeleza kwamba watu wale, waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, walikuwa na lehemu ndogo katika damu na dalili chache za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1974, yeye pamoja na Anne Spoerry, yule daktari aliyesifika kwa kurusha ndege Afrika Mashariki, wakaandika kwamba Wamasai walionyweshwa maziwa mgando kwa wingi waliongezeka uzito, na bado lehemu ya damu yao ilipungua.

Nasoma habari hizo kwa furaha, lakini sizitumii kumruhusu mtu anywe atakavyo. Waliopimwa walikuwa wachache. Walitembea na ng'ombe kutwa nzima, na mume wangu hutembea kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti. Tena anayekunywa lita tatu za maziwa kwa siku anapata karibu gramu 150 za sukari ya maziwa, kwa hiyo si kweli kwamba waliishi bila wanga. Hawakuwa na soda, wala maandazi, wala sukari kwenye mtindi.

Kuhusu kuzuia kisukari kwa yule ambaye hajaugua, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu Machi 2024 watengenezaji waandike kwamba kula yogati mara kwa mara, angalau vikombe viwili kwa wiki, huenda kukapunguza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili. Lakini walilazimishwa kuongeza kwamba ushahidi wake ni mdogo. "Huenda" ni neno dogo lenye kazi kubwa. Jirani aliyesema mtindi ni dawa alilisahau.

Kosa la pili

Hili naliandika kwa uzito. Baada ya mume wangu kupata nafuu, mwaka 2022 niliombwa nizungumze katika mkutano wa akina mama kuhusu kisukari na chakula. Nilizungumza kwa bidii. Niliwaonyesha chupa ya waridi na vijiko kumi na moja vya sukari kwenye sahani, wakashangaa. Nikawaambia punguzeni ugali, wekeni mboga, wekeni kikombe cha mtindi usio na sukari. Wakapiga makofi.

Mama mmoja hakupunguza. Aliacha kabisa. Alikwenda nyumbani akampikia mumewe, fundi seremala, mchicha na kikombe cha mtindi mchana, jioni hivyo hivyo. Mzee alikuwa akimeza glibenklamidi asubuhi na jioni, kama alivyoandikiwa alipokuwa anakula ugali mkubwa mara mbili kwa siku.

Siku ya nne, saa kumi na moja jioni, nikapigiwa simu. Nilipofika nilimkuta mzee amekaa chini ukutani, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, anawatukana wanawe kwa maneno ambayo hakuwahi kuyatamka. Majirani walikuwa wameanza kusema amelewa. Mwingine alishasema si pombe, ni mambo mengine. Nilimtoboa kidole: 2.3. Sukari ilikuwa imeshuka karibu na kumzimisha.

Kwa kuwa bado aliweza kumeza, nilimkorogea vijiko vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji akanywa. Tukangoja dakika 15 nikapima: 3.4. Nikarudia. Baada ya dakika 15 nyingine, 4.8, na macho yake yakanitambua. Tukampa kipande cha mkate, kisha tukampeleka hospitali usiku ule ule, kwa sababu dawa ya aina ile hukaa mwilini kwa muda mrefu na sukari huweza kushuka tena mgonjwa akiwa usingizini. Walimlaza, na daktari akapunguza dozi.

Mkewe aliniambia tukiwa kwenye benchi la nje, "Dada, si ulisema tupunguze wanga?" Ni kweli nilisema. Nilizungumza saa nzima kuhusu mtindi na sikutaja vidonge hata mara moja. Muuguzi mwenye diploma.

Basi sasa nalisema kabla ya kitu kingine chochote, na wewe uliyesoma mpaka hapa nakuomba ulitangulize unapomshauri jirani. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, asipunguze wanga kwa kiasi kikubwa kabla ya kumwambia daktari wake, maana dawa inayolingana na ugali mkubwa ni nyingi mno kwa kikombe cha mtindi. Anayetumia metformini peke yake si rahisi ashuke hivyo, lakini naye aseme. Anayetumia zile dawa mpya ambazo majina yao huishia na "gliflozini" ana hatari nyingine: akikata wanga kupita kiasi, damu yake inaweza kujaa asidi hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri. Akianza kutapika, kuumwa tumbo na kuhema kwa nguvu, asingoje asubuhi.

Mjue dalili za sukari kushuka: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno yasiyoeleweka, hasira isiyo ya kawaida. Chini ya 3.9 ni hatari inayohitaji sukari papo hapo, na hapo sukari yenyewe hasa ndiyo dawa. Mtindi hautoshi; unachelewa. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Mama mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu mlo wa kukata wanga kwa sababu tu baba ameanza. Watoto nao waachwe wale chakula chao. Aliyeambiwa figo zake zina shida amuulize daktari kabla ya kuongeza mtindi na jibini, maana protini, potasiamu na fosforasi za maziwa huweza kumlemea.

Jikoni kwangu

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda. Yogati nzito ya dukani ni ghali, na mimi siinunui. Nachemsha lita moja ya maziwa mpaka yachemke kweli kweli. Hapa sina masihara: maziwa mabichi huweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa binadamu huleta homa za miezi na maumivu ya viungo, na hata kifua kikuu. Kuganda peke yake si kinga ya kutegemea. Mtindi mtamu wa jamaa wa mnadani usiokuwa umechemshwa nimeuacha, ingawa nakiri harufu ya kile kibuyu bado naikumbuka.

Nayaacha yapoe mpaka kidole kisafi kivumilie ndani yake huku nikihesabu polepole mpaka kumi. Ni joto la kama nyuzi 43 hadi 45. Natia vijiko viwili vya chakula vya yogati isiyo na sukari, nakoroga, nafunika, nafunga sufuria kwenye blanketi, na kuiweka kwenye kikapu mahali pasipo na upepo. Baada ya saa nane imeshika. Nikitaka mchachu zaidi naiacha mpaka kumi. Kwa mtindi wa kawaida sihitaji joto hilo: nayaacha maziwa yapoe kabisa, natia mtindi kidogo wa jana, kesho yake umeganda.

Kisha natandaza kitambaa safi cheupe kwenye chujio, namimina, naacha idondoke kwa saa tatu au nne. Lita moja inabaki kama nusu lita, nzito ya kukatwa kwa kijiko. Maji ya kijanikijani yaliyodondoka yamekwenda na sehemu ya sukari, kwa hiyo simpi baba. Nakandia chapati za watoto, au naongezea kwenye uji wao. Hakuna kinachomwagwa.

Ile nzito ndiyo kifungua kinywa cha mume wangu: vijiko vikubwa vitano au sita, mayai mawili, na kachumbari. Mchana anakula samaki au dagaa na mboga ya majani, ugali wa ngumi moja, na mtindi mwepesi nusu kikombe. Usiku sitii ugali. Nampikia bamia au bilinganya, natia yogati mwishoni nikishaepua, maana ukiichemsha sana inakatika. Kuku nampakaza mtindi, vitunguu saumu na ndimu, analala humo usiku kucha. Nyama inalainika hata ya kuku wa kienyeji. Matango yaliyokunwa, yakatiwa yogati, chumvi na kotimiri, hayo hata watoto wanagombania. Utaona kwamba sipiki sufuria mbili. Familia inakula mboga ile ile. Kinachotofautiana ni ukubwa wa ugali.

Jambo moja nililojifunza kwa tabu: mtindi uingie mahali pa kitu kingine. Ukiuongeza juu ya chakula chote cha zamani, umeongeza tu. Nanunua vipande vya kupimia sukari kila tunapoweza, navyo si rahisi, na tunapima kabla ya kula na saa mbili baadaye. Kwake kikombe kimoja hakimpandishi sana. Dada yake, ambaye naye ana kisukari, kikombe hicho hicho humpandisha asubuhi na wala si mchana. Kwa hiyo nami siwezi kukupa kipimo cha mumeo nikiwa huku.

Na kuna wenye matumbo yanayonguruma kila wakinywa maziwa. Watu wazima wengi kwetu Afrika wamepungukiwa na kile kimeng'enya cha kusaga laktosi. Wengi wao huvumilia mtindi na yogati kuliko maziwa matamu, kwa sababu wale vijidudu husaidia kuisaga. Waanze na robo kikombe pamoja na chakula.

Mkwe hakunielewa mwanzoni. Tulipokwenda Arumeru Krismasi ya mwaka ule wa 2021, alimwangalia mwanawe alivyopungua, akaniangalia mimi, akasema mbele ya mawifi, "Huko mjini hamna chakula?" Nilimweleza kwa adabu, hakujibu kitu. Mume wangu akala bakuli zima la loshoro ili asimuudhi mama yake, na baada ya saa mbili kipimo kikasoma 14.1. Nilimwonyesha bibi ile mashine. Hasomi sana, lakini namba anazijua, za ng'ombe na za fedha. Aliishika muda mrefu.

Siku hizi tukienda, kabla hajachanganya mahindi na maziwa kwenye chungu, anachota kikombe kimoja cha mtindi mtupu na kukiweka pembeni, amekifunika kwa sahani. Wakati wa kula anampa. Halafu anachukua kijiko kimoja cha mahindi kutoka kwenye chungu, anakimwagia juu, na kuniambia mimi, si yeye, kwamba hicho ni cha kumkumbusha kwao.